Udongo Wenye Njaa

Kila asubuhi, kabla ya kuchemsha chai, Mama Chiriku alifagia. Alifagia uwanja, njia, na hata katikati ya matuta ya mboga. Majani makavu, magugu na maganda, vyote alivichoma moto. Majivu aliyazoa kwa ndoo na kuyamwaga mtaroni.

Marehemu mume wake alipenda usafi. Alikuwa akisema jani moja chini ni aibu ya nyumba nzima. Tangu afariki, mkewe alifagia kuliko zamani. Hakujua jambo jingine la kumfanyia.

Lakini mboga zilikataa. Zilitoka ndogo na za manjano. Sokoni, mteja mmoja aliuliza kama anauza mboga au anauza huruma. Mama Chiriku alicheka naye, kisha akarudi nyumbani na kapu lake limejaa vilevile.

Jioni hiyo alimwita binti yake. Watu walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika.

"Mwanangu, kesho shangazi yako atakuja kukuchukua. Kule utakula."

"Nimekosa nini, mama?"

"Hujakosa kitu. Sina cha kukupa."

Chiriku alikwenda kukunja nguo zake. Asubuhi shangazi alikuja, wakaondoka. Mama alibaki mlangoni. Aliona maisha yamemshinda kabisa.

Kwa kukosa la kufanya, akafagia, akawasha moto. Moshi ukaingia kwa jirani, mwalimu wa sayansi. Mwalimu akatoka anakohoa.

"Mama Chiriku, leo umeamua kunikausha kama samaki?"

"Nisamehe, Mwalimu. Hata sijui ninachofanya. Ardhi hii imenikataa."

"Haijakukataa, dada. Ina njaa."

"Udongo nao una njaa?"

"Ndiyo. Mmea unanyonya virutubisho kutoka kwenye udongo, vinakuwa sehemu ya majani na mabua. Mmea ukifa, vitu hivyo havipotei. Minyoo, kuvu na viumbe wadogo tusiowaona wanauozesha. Virutubisho vinarudi udongoni, na mmea mwingine unavichukua tena. Ni mzunguko."

"Na mimi nachoma."

"Unachoma. Vingine vinaondoka na moshi. Vilivyobaki kwenye majivu unavitupa mtaroni. Mboga nazo zinakwenda sokoni. Ni sawa na kuchota unga kwenye pipa kila siku bila kuongeza. Siku moja utakwangua chini."

Mama Chiriku akakaa chini palepale.

"Kwa hiyo mwanangu ameondoka kwa sababu ya ufagio wangu?"

"Hukujua," alisema Mwalimu. "Hata marehemu hakujua."

Maneno hayo hayakumfariji. Alilia mpaka moto ukazima wenyewe.

Kesho yake Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kutengeneza mboji. Walipanga majani makavu, magugu mabichi yasiyo na mbegu, maganda na samadi ya kuku. Waliweka udongo kidogo juu, wakanyunyiza maji.

"Usitie plastiki wala nyama," alisema Mwalimu. "Rundo hili ligeuze mara kwa mara lipate hewa. Lisikauke, lisiloane chapachapa."

Mama alifanya yote hayo bila matumaini. Aligeuza rundo, akaingia ndani, akakuta kitanda cha mtoto kitupu. Wapita njia walimtania: "Mama Chiriku siku hizi anafuga takataka!" Aliona aibu, hasa kwa marehemu. Usiku usingizi haukuja.

Miezi ikapita. Rundo likashuka. Ndani likawa jeusi, laini, halinuki tena uozo. Mama akalichanganya na udongo wa matuta, akapanda mboga upya. Majani makavu akayatandaza juu ya udongo.

Mboga zikatoka pana na za kijani. Hakuamini mpaka alipozipeleka sokoni na zikaisha kabla ya jua kali.

Siku hiyohiyo alikwenda kwa shangazi. Chiriku alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kama mgeni.

"Funga nguo zako, mwanangu. Twende nyumbani."

Mtoto hakuinuka.

"Nitakaa siku ngapi?"

"Siku zote. Hutarudi tena kukaa huku."

"Na mboga zikikataa?"

"Sasa najua kuzilisha," alisema mama.

Chiriku alimtazama sana. Kisha akaanza kulia, kilio chote alichokizuia tangu asubuhi ile alipoondoka.