Piga Kiki Wewe, Mdogo Wangu

Nilishuka bandani saa kumi na nusu jioni kwenda kuwasha pikipiki ya marehemu baba. Jambo dogo tu. Huku kwetu Ujerumani, milimani Saxony, mwezi wa Desemba, saa hiyo giza limeshaingia, na theluji ilikuwa magotini. Mkono mmoja nimeshika taa, mwingine kopo la petroli niliyoichanganya na oili mwenyewe. Ni tu-stroki ya zamani ile, ukiitilia petroli tupu inanoki, injini inakwama.

Wala sikwenda kwa mapenzi. Mchana wake shemeji yangu Irmtraud, mke wa kaka, alikuja akasimama mlangoni, hata koti hakuvua.

"Siegmar, daktari amempa ndugu yako wiki tatu, nne za kuishi. Mapafu yamekwisha. Anaomba aisikie pikipiki ya baba yenu chini ya dirisha lake. Mara moja tu."

"Miaka kumi na moja hanisemeshi, leo ananiomba?"

"Shemeji, nakupigia magoti."

Ndugu mwenyewe ni Lothar, kaka yangu mkubwa. Utotoni kitanda cha karibu na jiko kilikuwa chake. Baiskeli mpya yake, yangu ile iliyomchosha. Nafasi ya kiwandani aliyoahidiwa baba kwa mwanawe mmoja, akapewa yeye. Baba alipokufa akaniachia mimi pikipiki, kitu pekee nilichowahi kupewa mbele ya Lothar, naye akainuka mezani siku ya mazishi na hakunisemesha tena. Nilikuwa na uchungu naye, sifichi. Lakini nilikubali, kwa sababu sikutaka afe tumenuniana.

Kwenye ua nikakutana na jirani yangu, Bibi Uhlig, anaguna kwa baridi huku anafagia theluji.

"We Siegmar, unakwenda wapi na hilo kopo? Huzijui hizi siku?"

Nazijua. Kuanzia Krismasi mpaka Januari sita, siku kumi na mbili, wazee wa huku hawaaniki nguo nje na hawazungushi gurudumu lolote.

"Gurudumu likizunguka siku hizi linaondoka na mtu," akasema.

"Basi liondoke na wewe, bibi, umeshatuchosha."

Kwa kawaida angenitukana. Safari hii aliingia ndani na ufagio wake.

Bandani nikaisimamisha pikipiki kwenye stendi yake ya katikati, gurudumu la nyuma likaning'inia. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, mara kumi, mara ishirini. Jasho likanitoka kwenye baridi ile.

Nikaanza kutafuta ubovu kama alivyotufundisha baba. Nikafungua plagi, nikaigusisha kwenye silinda, nikapiga kiki: moto upo, wa bluu. Petroli je? Plagi imelowa, basi inafika. Nikaziba tundu la plagi kwa dole gumba, nikapiga kiki: upepo ukalisukuma dole. Kila kitu kizima, na injini imekufa.

Ilibaki pointi. Ni vyuma viwili vidogo vinavyoachana, na pale vinapoachana ndipo cheche inatoka. Sharti itoke pistoni inapokaribia juu, kabla haijafika. Baba alikuwa anabana karatasi ya sigara katikati yake na kuivuta taratibu; inapoachia, ndipo hapo. Mimi macho yangu hayaioni tena kazi hiyo. Aliyeiweza ni Lothar.

Nikaketi kwenye ndoo. Nikalia, nakwambia. Mzee mzima.

Halafu nikasikia kikohozi.

Kifupi... kikavu... nyuma yangu.

"Bado unapiga kiki kama unafukuza paka."

Nikageuka. Lothar. Amevaa pajama na ndara za manyoya, shingo imekonda, midomo ya bluu. Alinuka dawa ya hospitali, na chini yake harufu nyingine, ya oili mbichi.

"Umefikaje hapa? Irmtraud yuko wapi?"

"Usipige kelele," akanong'ona. "Nipe bisibisi."

Ningeuliza zaidi. Sikuuliza. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kumwona kaka yangu. Nikamshikia taa. Akapiga magoti, akatoa karatasi ya sigara mfukoni, akaibana kwenye pointi. Vidole vilikwenda bila kubahatisha.

"Lothar... ile pikipiki... ningekuuliza kwanza. Nisamehe."

"Shh."

"Miaka kumi na moja, kaka."

"Nimeshasamehe. Sogeza taa."

Akakaza skurubu. Akasimama kwa kujishikilia kwenye tangi, akikohoa mpaka mate mekundu yakadondoka sakafuni. Nikanyoosha mkono nimshike. Akarudi nyuma.

"Piga kiki."

"Piga wewe, ndiwe uliyeirekebisha."

"Mimi sina nguvu." Akanitazama. "Piga kiki wewe, mdogo wangu. Kwa mguu wako."

Nikapiga.

Ikawaka kwa kiki moja.

Lakini mlio... Nimezisikia tu-stroki maisha yangu yote. Hii haikutoa pumzi, iliivuta. Moshi wa bluu ukajaa banda. Nikaingiza gia ya kwanza nione kama mnyororo unavuta, nikaachia krachi.

Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka.

Kinyumenyume.

Najua, tu-stroki inaweza kufanya hivyo. Majira ya cheche yakikosewa, injini hugeuka ikazunguka nyuma, mafundi hucheka wakaizima. Nikazungusha ufunguo kuzima. Haikuzima. Nikasema ni masizi yamewaka moto ndani ya silinda, hilo nalo hutokea. Nikang'oa waya wa plagi. Nikafunga petroli.

Ikaendelea kuzunguka.

Nikahisi kitu kinashuka kooni, kizito, cha baridi. Nikafungua mdomo kumwita Lothar.

Nikakohoa.

Kifupi, kikavu. Kilikuwa kikohozi chake, nakijua.

Nikainua macho. Lothar amesimama wima bila kujishikilia popote. Midomo imepata damu.

"Asante," akasema kwa sauti yake ya zamani, akafungua mlango akatoka. Injini ikazima yenyewe.

Nilipopata nguvu nikatoka na taa. Kwenye theluji kulikuwa na nyayo za ndara kutoka mlangoni kuelekea barabarani. Za kuingia hazikuwepo.

Nikampigia simu Irmtraud. Saa kumi na mbili kasoro ilikuwa, hata siyo usiku.

"Lothar yuko hapa kitandani!" alikuwa analia kwa furaha. "Amelala tangu saa kumi, mkono wake mkononi mwangu. Sasa hivi ameamka anaomba supu! Ila sielewi, Siegmar... vidole vyake vimejaa grisi. Nimevifuta na havitakati."

Februari madaktari walipiga picha mapafu yake wakayakuta safi, wakaitana kuja kuangalia. Machi wakapiga yangu, wakayakuta yamekwisha. Sigara sijavuta hata siku moja.

Nilirudi bandani na karatasi ya sigara, na miwani mbili nimezipachika moja juu ya nyingine. Nikazungusha injini kwa mkono, polepole, nikaivuta karatasi. Iliachia pistoni ikiwa imeshapita juu, inashuka. Injini iliyowekwa hivyo haiwezi kwenda mbele hata siku moja. Inaweza kurudi nyuma tu. Fundi aliyefunzwa na baba yetu hakosei hivyo kwa bahati mbaya.

Mwezi wa tano Lothar alikuja kuniona. Amenenepa. Ameleta soseji ya kuchoma kwa moshi, mimi siwezi kumeza hata uji. Nikamwambia, "Twende bandani, kaka. Safari hii piga kiki wewe."

"Goti linaniuma."

"Uliniacha nikuombe msamaha, Lothar! Nilikulilia!"

Akainama karibu na sikio langu, akanong'ona.

"Na wewe ungefanyaje? Umepewa wiki tatu. Ungefanyaje?"

Nikamfukuza. Nilimtupia kikombe, kikapasukia mlangoni. Nilimwita mwizi, mchawi, yote yaliyonijia mdomoni, mpaka kikohozi kikanikata maneno. Mimi nisingemfanyia mtu hivyo. Nilijiambia hivyo majira yote ya joto, kila nilipoamka kutema damu kwenye beseni.

Sasa ni Desemba. Daktari hataji tena wiki, ananishika bega tu.

Juzi mwanangu Falk amepiga simu kutoka Bremen. Ana miaka thelathini na minne, mke wake ana mimba ya kwanza.

"Baba, nimepata likizo. Nafika tarehe ishirini na saba, nakaa mpaka mwaka mpya. Nakuletea samaki wa moshi."

"Usisumbuke, mwanangu."

"Nasumbuka nini! Halafu Bibi Uhlig kaniambia ile pikipiki ya babu imelala tangu mwaka jana. Nitakuwashia, ufurahi kidogo. Ubovu wake ni nini?"

Pointi sijazigusa. Ziko vilevile alivyoziacha Lothar.

"Haina ubovu," nikamwambia. "Inataka mtu mwenye mguu wenye nguvu."

Akacheka, masikini. Nikamsikia mke wake naye anacheka nyuma yake. Nilikuwa na muda wa kusema kitu. Alikaa kwenye simu akinisubiri nimalize kukohoa, hakukata.

Nikamwambia avae viatu vizito, bandani kuna baridi.