Viroboto Chini ya Kitanda cha Bibi

Baridi ya Debre Birhan, mji wa milimani, haimsubiri mtu aamke vizuri. Kila asubuhi, wakati majani bado yameganda kwa sakitu, Mintwab alikuwa ameshawasha moto, amefagia chumba cha mbele na kuwafungulia kondoo zizi. Mechal, mbwa wao mkubwa wa rangi ya majivu, alimpokea mlangoni kwa kumsukuma tumboni kwa kichwa. Wuro, paka mwenye mkia uliokatika ncha, alikuwa bado amelala ndani ya kapu la sufu, miguuni pa Bibi Yeshi aliyekuwa akisokota nyuzi za mablanketi.

Mintwab alikuwa na miaka kumi na miwili, na hapakuwa na kazi ya nyumba ile asiyoijua. Lakini mwaka ule lilizuka jambo ambalo hakulijua.

Lilianza kwa mdogo wake Surafel, mtoto wa miaka miwili. Alitokwa na vipele miguuni na kiunoni, akavikuna mpaka vikatoa usaha. Baadaye mama naye akaanza kujikuna. Siku ya kahawa, ambayo kwa desturi mgeni hunywa vikombe vitatu, wageni walipokuja jirani mmoja aliinua kikombe cha pili kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukifukua kifundo cha mguu. Cha tatu hakukingoja. Aliaga, akasema ana haraka.

Habari haikukawia kufika shuleni. Hirut, aliyekaa dawati moja na Mintwab, alisogea mpaka ukingoni mwa benchi.

"Usinisogelee, bwana. Viroboto wako hawajapata kifungua kinywa."

Darasa zima likacheka. Mintwab alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni hiyo baba yake, Lakew, alimvua Surafel soksi, akaitazama miguu ile kwa muda mrefu.

"Imetosha," alisema. "Jumamosi mbwa na paka wanakwenda kwa shangazi yenu kijijini. Mtoto wangu hawezi kuliwa akiwa hai."

"Na fisi akija zizini, utabweka wewe?" Bibi Yeshi aliuliza bila kuinua macho kwenye uzi. "Na panya wakiingia kwenye sufu yangu?"

"Mama, tazama mguu wa mjukuu wako."

Bibi alitazama, akauweka uzi chini.

Asubuhi iliyofuata jirani yao, Asrat, alipita na chupa isiyo na kifuniko kizuri. "Lakew, ya nini kuwahamisha? Hii ni dawa ya ngano. Wadudu wa shambani wanakufa kama mchezo, sembuse viroboto! Mpake paka mgongoni, mbwa naye mwagie, kesho utanishukuru."

Baba aliipokea chupa. Mintwab aliyekuwa akimnywesha Surafel uji aliona picha ya fuvu la kichwa kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni. Haikuwa desturi ya mtoto kuingilia maneno ya watu wazima, lakini alisema.

"Baba, samahani. Wuro hujilamba mwili mzima. Si atainywa hiyo dawa? Na Surafel humkumbatia Mechal kutwa."

"Mtoto huyu ana maneno!" alisema Asrat.

Baba aliigeuza chupa, akaliona fuvu. Aliirudisha mkononi mwa jirani taratibu. "Ahsante, ndugu yangu. Ibaki kwa ngano."

Kisha akamgeukia Mintwab. "Haya. Umeikataa dawa. Una nyingine?"

"Niruhusu nikamwulize daktari wa mifugo."

Daktari Shitaye alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira, na kliniki yake ilinuka punda. Alimsikiliza Mintwab mpaka mwisho, kama mtu mzima anavyomsikiliza mtu mzima mwenzake, halafu akatia kitana katika mfuko wa koti na kumfuata nyumbani.

Alimpakata Wuro, akamchana shingoni na kitana cha meno yaliyobanana. Punje ndogo nyeusi zikaangukia kitambaa cheupe. Bibi Yeshi akasema ni vumbi tu. Daktari alidondosha tone la maji juu yake, na zile punje zikageuka nyekundu.

"Hii ni damu," alisema. "Kiroboto hunywa damu, kisha huiacha hapa kama kinyesi. Sasa niambie, Mintwab. Viroboto wanaishi wapi?"

"Mwilini mwa Wuro na Mechal."

"Hao ni wachache waliokuja kula. Kiroboto hutaga mayai kwenye manyoya, lakini mayai hayashiki, yanadondoka. Paka akilala kwenye kapu, yapo kwenye kapu. Akipita chini ya kitanda, yapo huko. Yanakuwa mabuu, mabuu yanajifunga ndani ya vifuko, na humo yanaweza kungoja wiki nyingi. Ukiwahamisha wanyama, viroboto watatoka wakute hakuna paka. Watamla nani?"

Wote walimtazama Surafel.

"Kwa hiyo kazi ni tatu kwa pamoja: mnyama, matandiko na sakafu. Na si ya siku moja. Mwezi mzima, kila siku, hata mkiona wameisha. Hasa mkiona wameisha. Na mtoto mpelekeni kituo cha afya leo hii, vidonda hivyo vinataka dawa."

Baba alimtazama binti yake. "Mwezi mmoja, umesikia? Ukishindwa, wanakwenda kwa shangazi."

Basi Mintwab akajifunga kibwebwe. Mechal aliogeshwa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, akianza kupakwa povu kuizunguka shingo kama kola, ili viroboto wasikimbilie masikioni. Wuro alikataa maji kwa kucha zote kumi na nane, kwa hiyo alichanwa kila siku, na kitana kikachovywa katika bakuli la maji ya sabuni. Mashuka yalichemshwa. Mablanketi ya sufu, ambayo yangesinyaa kwa maji ya moto, yalianikwa juani na kupigwa fimbo mpaka mikono ikamuuma. Alifagia kila pembe na kuzichoma taka. Sakafu ya udongo aliikandika upya yeye na mama, kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakiziba kila ufa.

Wiki ya pili ilipokwisha, Surafel hakuwa na kipele kipya hata kimoja. Mama aliita tena wageni wa kahawa, nao wakakaa mpaka kikombe cha tatu. Hirut mwenyewe alirudi katikati ya benchi. Mintwab alitembea kichwa juu.

Na hapo ndipo alipolegea. Chini ya kitanda cha Bibi kulikuwa na magunia manne ya sufu, na kuyavuta kila siku kulimvunja mgongo. Siku moja aliyaruka, kwa kuwa alikuwa na mtihani wa hesabu. Siku ya pili aliyaruka kwa kuwa aliyaruka jana. Zikafika siku sita, na hakuna aliyejua, kwa maana chumba cha mbele kiling'aa.

Siku ya saba Surafel aliamka akijikuna. Vipele vipya vitano vilipanga mstari kwenye paja.

"Unaona?" alisema Baba. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Mintwab zaidi. "Umejitahidi, mwanangu. Lakini wanyama hawa hawatakati."

"Labda ni mbwa wa Asrat," mama alisema. "Nilimwona uani juzi akicheza na Mechal."

Lilikuwa neno zuri. Lilikuwa karibu na kweli, na lingetosha. Baba alikuwa tayari kuliamini. Uso wake ulikuwa umeanza kulainika. Mintwab alimtazama Mechal, aliyekuwa amekaa akipiga mkia chini bila kujua kesi yake inasikilizwa.

"Si mbwa wa Asrat," alisema. "Ni mimi. Sijafagia chini ya kitanda cha Bibi kwa siku sita. Magunia ni mazito, na niliona wameisha."

Bibi Yeshi aliacha kusokota.

Baba aliinuka, akaenda kwenye kitanda, akashika gunia la kwanza na kulivuta. Alilivuta la pili, la tatu, la nne. Kisha akapiga magoti na kuangaza kwa tochi. Ukutani, penye vumbi laini la sufu, nukta nyeusi zilikuwa zikirukaruka.

"Ndio hawa," alisema. "Lete ufagio. Na kuanzia leo, magunia nitayavuta mimi. Kuyavuta peke yako halikuwa jambo la kukuachia. Mwezi tunauanza upya."

Waliuanza upya. Magunia yalitolewa nje, sufu ikatandazwa juani siku tatu, na pembe ile ikakandikwa kama zile nyingine. Mintwab hakuruka siku hata moja, wala siku ya mtihani, wala sikukuu.

Mwezi ulipotimia Daktari Shitaye alikuja na soksi mbili ndefu nyeupe. "Kiroboto hupenda mguu unaotembea," alisema. "Vaa, uzunguke nyumba nzima."

Mintwab alizunguka. Alipita jikoni, akapita chumba cha mbele, akaingia chini ya kitanda cha Bibi na kutoka upande wa pili. Alisimama kwenye mwanga wa mlango, na wote wakainama kama watu wanaotafuta sindano. Soksi zilikuwa na vumbi kidogo. Hazikuwa na kitu kingine.

"Nimewafundisha wakubwa wengi kazi hii," alisema daktari, "wengi huishia wiki ya pili, kama ulivyoishia wewe. Wanaoirudia ndio wachache."

Bibi Yeshi akacheka. "Wazee wetu walisema pole pole yai hutembea kwa miguu yake. Sikujua walikuwa wanasema juu ya yai la kiroboto."

Baba hakucheka. Alimshika binti yake bega.

"Kufagia ni kazi ngumu, na umeifanya," alisema. "Lakini iko kazi ngumu kuliko hiyo. Siku ile ungesema ni mbwa wa Asrat, ningekubali. Tungegombana na jirani, vipele vingerudi, mwishowe tungewahamisha wanyama hawa, na chini ya kitanda viroboto wangeendelea kutaga. Ukweli wako ndio ulioturudisha mahali walipokuwa. Mwanangu, anayeficha kosa lake huliachia lizaliane. Anayelisema huwapa wenzake nafasi ya kumsaidia kulimaliza."