Chanjo Ndani ya Boma la Ikonda

Enzi za misafara ya pembe za ndovu, boma la Ikonda lilizingirwa na jeshi la Mtemi Ngulati. Mkuu wa vita wa Ikonda alikuwa Luhende, mtu mrefu wa shuka la kaniki, asiyeachana na gobore lake. Risasi hakuziogopa. Kilichomkosesha raha ni ndui. Ilikuwa imeingia kambini kwa adui, na sasa binti wa mfinyanzi, humo humo bomani, alikuwa ametoka vipele.

Mganga Nyanzala, aliyeolewa pale kutoka nchi za kaskazini, akaitwa barazani.

"Ndui ya binti yule ni nyepesi," alisema. "Kwetu tunachukua usaha wa mgonjwa wa namna hiyo, tukamchanja nao mtu mzima wa afya mkononi. Ataugua kidogo, kisha ndui haitamshika tena."

"Na wote huinuka?" Luhende aliuliza.

"Wengi. Nikikwambia wote, Mkuu, nitakuwa nakudanganya."

Wazee wakafoka kwamba mwanamke huyu anataka kuwamalizia adui kazi. Luhende akakunja shuka, akanyoosha mkono.

"Anza na mimi. Nusu yetu tuchanjwe sasa na kutengwa. Nusu washike ukuta mpaka tuinuke."

Masele, mdogo wake, akaketi kando yake bila kuambiwa.

Homa ikawaangusha kama Nyanzala alivyosema. Ndipo asubuhi moja magobore yakalia langoni. Luhende akajiburuta hadi mlangoni mwa kibanda walimotengwa, mkuki mkononi, macho mekundu. Nyanzala akamzibia njia.

"Ukitoka utawapelekea ndui wale ambao hawajachanjwa. Rudi ulale!"

"Watu wangu wanakufa!"

"Na ukienda watakufa zaidi."

Luhende akarudi kwenye mkeka, akauma shuka, akasikiliza vita asivyoweza kupigana. Lango likatikisika, likayumba, lakini halikuvunjika.

Homa ilipomwacha, aligeuka kumwamsha Masele. Mwili ulikuwa umeshapoa. Nyanzala alisimama akingoja kulaumiwa.

"Ulinionya," Luhende alisema kwa shida. "Sasa wachanje waliobaki."

Alimzika ndugu yake, akapanda ukutani.

Mwezi ulipoandama, mjumbe wa Ngulati alifika bila silaha. Nusu ya jeshi lao ilikuwa imelala chini ya udongo. "Tutaondoka, baba," alisema, "ila tupeni mganga wenu awachanje wazima wetu."

Wapiganaji wakaangua kicheko cha uchungu. Luhende akamtazama Nyanzala, naye akaitikia kwa kichwa.

"Lango lifunguliwe," Luhende akaamuru. "Nitamsindikiza mwenyewe."

Hivyo ndivyo vita vya Ikonda vilivyokwisha. Miaka mingi baadaye, kila waimbaji walipotaja mashujaa waliofia ukutani, Luhende aliwanyamazisha kwanza.

"Anzeni na Masele," alisema. "Naye alikufa vitani."