Baridi ya Ghorofa ya Saba

"Kaa la moto lipo Mchafukoge. Lichukue kabla halijazimwa."

Athanas aliifunga redio yake ya Motorola. Kaa la moto alikuwa Jovitha, ofisa mwenzake, aliyetekwa na genge la magendo ya silaha. Walitaka jina la mtu wa Idara ya Usalama aliyepandikizwa kundini mwao. Akilitaja, mtu huyo atachinjwa. Asipolitaja, atachinjwa yeye.

Jengo alilijua. Mwaka uliopita Vitalis, ofisa mwenzao, alipigwa risasi akafa humo, ghorofa ya saba.

Mzee Ubeid, msimamizi wa jengo, alisimama chini ya ngazi na chetezo kinachofuka udi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huko juu hakupandwi, mwanangu. Tangu auawe yule kijana, ghorofa ya saba ina mwenyewe, mzimu wake. Wapangaji wamehama. Mimi kila Alhamisi nafukiza hapahapa, kidato sikikanyagi."

"Umemwona?"

"Namsikia anakohoa."

"Marehemu hukohoa?"

"Mbishi wewe. Wabishi ndio huanza kupagawa."

Athanas aliomba kuonyeshwa kompyuta ya viyoyozi.

Jengo lilijipoza lenyewe. Vidude vya ukutani vilinusa pumzi za watu; penye watu baridi ilifunguliwa, pasipo watu ilifungwa, umeme usiteketee kwa kupoza viti. Genge lilikuwa limejificha nyuma ya hofu ya wapangaji. Mashine haikuwa na hofu.

Ghorofa ya saba, chumba cha mashariki: watu wapo, baridi imefunguliwa.

Chumba cha magharibi: mtu mmoja. Baridi imefungwa kwa mkono.

"Jini gani hili linalowasha kiyoyozi?" alisema Athanas.

Mzee Ubeid alikitazama chetezo chake.

Redio ilikoroma. Augustino, mkuu wake.

"Ni yeye?"

"Ni mtu. Anapikwa kwa joto ili aseme."

"Ingia."

Athanas aligeuza amri. Mashariki, funga. Magharibi, fungua hadi mwisho.

Akapanda na Beretta mkononi.

Joto la Februari halimbembelezi mtu. Athanas alijibanza kwenye kona ya ngazi hadi mlango wa mashariki ulipofunguka. Wanaume wawili walitoka vifua wazi, jasho likiwachuruzika.

"Beno, washa hicho kidude!"

"Kimekufa."

"Kama akili yako!"

Risasi moja ilivunja taa juu ya vichwa vyao.

"Mikono kichwani."

Beno aliigusa bastola kiunoni. Risasi ya pili ikampata begani. Mwenzake akapiga magoti bila kuombwa. Nyuma yao, makasha ya bunduki yalijaa chumba.

Katika chumba cha magharibi Jovitha alikuwa amefungwa kitini, meno yakigongana.

"Jina?"

"Ninalo bado." Akavuta pumzi. "Ile baridi ilipoingia nilidhani ndiyo mauti. Nikamwomba Vitalis anisogelee."

"Vitalis amekufa."

"Najua. Na yeye anajua."

Athanas alikata kamba.

Kikosi cha Idara kilipofika, watuhumiwa walipakiwa garini, makasha yakashushwa, Jovitha akapelekwa hospitali. Athanas alirudi kwenye kompyuta kuifunga ghorofa ya saba.

Mashariki: hakuna mtu.

Magharibi: mtu mmoja.

Sababu aliijua. Pumzi hukawia katika chumba kilichofungwa. Baada ya kitambo mashine husahau.

Aliisubiri isahau.

Haikusahau.

"Nikizime kiyoyozi, mwanangu?" Mzee Ubeid alinong'ona. "Umeme huo unakwenda bure."

"Kiache."

Akaichomeka Beretta kiunoni, akanyoosha kola ya shati, akatoka kwenye jua la Mchafukoge bila kugeuka nyuma.