Upande wa Pili wa Blanketi

Mama Hélène ni jirani yetu hapa Mangobo, na haya yalimpata mwaka juzi, wakati wa mvua, mchana kweupe. Dada yake Josée, aliyekuwa akipanda boti kwenda kuuza chumvi na sabuni Isangi, alikufa kwa homa akaacha binti mmoja, Rosine. Rosine alipokaribia kuolewa, Hélène aliamua kukata vitenge vya marehemu, aviunge, amshonee binti blanketi kubwa la kitanda cha ndoa.

Kuunga vipande hakukumsumbua. Shida ilianza alipoweka pamba katikati na shuka jeupe chini, akataka kuyashona matabaka yote matatu kwa pamoja. Mashine yake ni ile ndogo ya nyumbani, shingo jembamba. Ilibidi aliviringishe blanketi kama mkeka, alipitishe chini ya mkono wa mashine, aanzie katikati kwenda pembeni. Uzito ulining'inia ng'ambo ya meza na kuvuta, mshono ukapinda. Kwa hiyo Rosine alikaa upande wa pili, akilipokea.

Siku moja mshono ulinyooka kuliko siku zote. Blanketi lilikuwa jepesi, linakwenda lenyewe. Hélène hakuona ng'ambo. Bunda la kitambaa lilimziba.

"Ni vile, Rosine. Shikilia tu vile."

"Tante?" Rosine aliitika kutoka uani. "Niko huku inje, natwanga majani ya pondu."

Mashine ikasimama. Blanketi halikuanguka.

Hélène alichungulia. Kiti kilikuwa kitupu. Ukingo wa blanketi ulikuwa umeinuka juu ya kiti, kama umepakatwa. Kisha ukashuka, taratibu.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye alilia kwa furaha. Aliniambia mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Ni yaya yangu, dada mukubwa. Amekuja kusaidia ndoa ya mutoto wake."

Tangu hapo alimkataza Rosine kuingia. Alifunga mlango, akaketi, akaita, "Josée." Uzito ukainuka. Alimsimulia habari za harusi, nani atapika, nani amenuna. Akichoka alisema, "Josée, inatosha," na uzito ukashuka.

Ulipobaki ukingo tu wa kushona, alilikunjua blanketi mezani na kumwita Rosine alione. Binti alitabasamu. Kisha akaweka kidole juu ya kipande cha kijani, na tabasamu likaisha.

"Tante, hii kitambaa ulitoa wapi?"

"Ndani ya valizi ya nguo za mama yako."

"Haikuwa ya mama." Rosine alishusha sauti. "Ilikuwa ya ule mwanamuke mwenye walimutoa ku mayi ya mto, amekufa, kule Yanonge. Mama alisaidia kumuosha, wakamupatia mama kitenge ya maiti. Walimuzika bila kujua jina yake. Mama aliogopa hata kuivaa."

Hélène aliondoa mkono kwenye blanketi. Siku zote zile alikuwa ameita jina la dada yake, na asiye na jina ndiye aliyeitika.

"Mimi ndiye nilimupatia jina," alinong'ona.

Mbele yao, blanketi lilianza kujiviringisha. Polepole. Hakuna aliyeligusa. Lilisogea hadi kwenye sindano. Likangoja.

Walitoka mbio. Papa Osée, mzee wa kanisa, akaja kuomba. Hélène alikifumua kile kipande kwa wembe, uzi baada ya uzi. Wakakipeleka Yanonge, wakakizika alipozikwa yule mwanamke. Pengo likazibwa kwa kitambaa cheupe, Rosine akaolewa, akalala chini ya blanketi lile bila shida yoyote. Tukadhani yamekwisha.

Mwezi uliopita Rosine alikuja kumtembelea, amebeba mtoto wake wa kike aliyempa jina la bibi yake. Nilikuwepo. Tuliketi uani, tunamenya mihogo. Hélène alikwisha kutuonya jina lile lisitajwe kwake, ila Rosine alisahau. Mtoto alikuwa amemlalia mgongoni, akamtikisa kidogo.

"Josée, unalala?"

Mtoto yule hajaanza kusema. Jibu lilitoka chumba cha mashine. Sauti ya mtu mzima, ya upole.

"Hapana. Niko nangoja."

Hélène aliinuka, akafungua mlango, nami nikamfuata. Hapakuwa na mtu. Ng'ambo ya meza, juu ya ubao wake, palikuwa na alama mbili za viganja, bado mbichi. Nilizigusa. Maji yake yalikuwa na mchanga wa mto.