Kibao Cheupe Kwenye Mwamba wa Dagaa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Skolastika alimsaidia mama yake kuanika dagaa. Wanakijiji wengi wa ufuko ule, kaskazini mwa mji wa Kigoma, walianika mchangani. Mama Skolastika hakutaka. Wateja wake wa soko la Mwandiga walionja kwanza, na wakisikia mchanga kwenye meno waliondoka zao. Kwa hiyo yeye alianika juu ya mwamba bapa uliokuwa upande wa kusini, chini ya mlima.

Mwaka ule ufuko ulijaa wakimbizi kutoka Burundi waliokuwa wakisubiri meli ya kuwapeleka mjini. Walifunga maturubai yao chini ya mlima kwa sababu hapakuwa na nafasi kwingine, na mlima wenyewe ulikuwa umeanza kudondosha mawe. Ndipo alipoletwa Bi Nasma, mtaalamu wa miamba, pamoja na mashine yake ya miguu mitatu. Mashine hiyo ilitupa mwanga wa leza kwenye ukuta wa mlima na kupima umbali wa kila sehemu, kisha kompyuta ikachora mlima mzima kwa nukta. Baada ya wiki angepima tena na kulinganisha michoro miwili, aone kama kuna jiwe lililosogea hata kwa upana wa kidole. Ili michoro ikae sawa, aliweka vibao vyeupe vinne kwenye miamba, viwe alama za kupimia zisizosogea. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza kuwa asiviguse mtu.

Kimoja kilikaa katikati ya mwamba wa dagaa. Mwanzoni Skolastika alikizunguka. Asubuhi moja dagaa walikuwa wengi na kengele ya shule ilikuwa karibu kulia, akakisogeza pembeni kidogo, akatandaza wavu wake wa kuanikia. Hakuna aliyemwona, na mlima haukuanguka.

Bi Nasma aliporudi na kupima tena, kompyuta ilionyesha kuwa upande wa kusini umesogea. Akawauliza watu waliomzunguka, "Kuna mtu aliyegusa kibao cha kusini? Sitaki ugomvi, nataka kujua tu."

Skolastika aliangalia vidole vya miguu yake.

"Hapa kwangu hakuna mtoto wa namna hiyo," mama yake akajibu.

Maneno hayo yalimfunga Skolastika mdomo kabisa.

"Basi ni mwamba wenyewe umesogea," Bi Nasma akasema. "Waliopo kusini wahamie kaskazini sasa hivi."

Watu walianza kufungua maturubai. Bibi mmoja mkimbizi, mwenye mguu mbovu, alimwomba Skolastika ambebee sufuria.

"Nimehama nyumbani, nimehama njiani, na leo nahama tena," bibi alisema wakitembea. "Lakini si neno, maana kuna mtu anatuangalia." Walipofika, akapanga mafiga yake, akamshika mkono. "Urakoze cane, mwana wanje. Asante sana."

Skolastika aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Anashukuriwa kwa kubeba mzigo aliousababisha mwenyewe! Akageuka, akaenda moja kwa moja kwa Bi Nasma. Mama yake alikuwa amesimama hapohapo.

"Shikamoo. Kile kibao nilikisogeza mimi. Nilitaka nafasi ya dagaa."

Bi Nasma hakugomba. Alikaa chini, akakiondoa kibao cha kusini kwenye hesabu, akalinganisha michoro upya. Uso wake ukabadilika.

"Kusini kumetulia," alisema polepole. "Kibao ndicho kilichopotosha mchoro. Kumbe ni kaskazini. Lile jiwe kubwa la juu limesogea vidole viwili. Na mimi nimewapeleka watu chini yake."

Wakakimbilia kaskazini. Skolastika alipita turubai kwa turubai akiwaomba watu warudi kusini, na kila aliyeuliza sababu alimjibu, "Ni kosa langu. Nilinyamaza." Wengine walisonya. Yule bibi alimtazama, kisha akampa tena ile sufuria, na hilo lilimuuma kuliko kusonywa.

Kesho yake mchana, mvua ilipokatika, jiwe lile lilibomoka. Liliangukia pale bibi alipokuwa amepanga mafiga. Hapakuwa na mtu.

Vumbi lilipotua, mama alimsogelea binti yake. "Nilikujibia bila kukuuliza," alisema. "Hata mimi nimeona aibu."

Bi Nasma akainama, akamtazama Skolastika usoni. "Kusogeza kibao lilikuwa kosa dogo, ningelirekebisha kwa muda mfupi. Kunyamaza ndiko kulikotaka kuua watu. Ukikosea, mwanangu, sema siku hiyohiyo, kosa likiwa bado dogo. Usingesema jana, leo tungekuwa tunazika."

Skolastika akalia mbele ya watu wote, na safari hii hakujificha.