Mabirika ya Upande wa Dirisha

Kwanza kilisikika kishindo. Kisha ukafuata mlio wa kifuniko cha sufuria kikizunguka juu ya saruji, kikizunguka kwa kasi zaidi kadiri kilivyoinama, mpaka kikalala kimya.

Mgahawa uitwao Ukumbi wa Mvuke wa Hanang ulikuwa umefurika Jumapili hiyo. Waliokosa viti walikula wamesimama mlangoni. Wote waliacha kutafuna. Halafu Glory, mhudumu wa meza za upande wa mlango, akakimbilia jikoni, na sauti yake ikarudi kabla yake.

"Mzee Guo! Jamani, mzee wetu!"

Inspekta Eva Tluway alifika kwa miguu, maana kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo tu ya barabara. Alimkuta mzee amelala kiubavu katika stoo ya unga, kando ya jiwe la kusagia mchele. Damu ilikuwa kisogoni. Unga uliomwagika mbele ya pua yake ulipeperuka kidogo, ukatulia, ukapeperuka tena.

"Anapumua," Inspekta alisema. "Leteni gari. Hospitali sasa hivi. Wageni wote wakae pale walipokuwa. Asiguse mtu kitu mezani, hata kijiko."

Mzee Guo aliletwa Katesh na kampuni ya Wachina iliyojenga barabara ya lami. Alikuwa mpishi wa kambi. Barabara ilipokwisha na wenzake wakahama, yeye alibaki, akafungua mgahawa wa chakula cha kwao kinachoitwa dimsam: vifurushi vidogo vya unga vyenye nyama ndani, vinavyoiva kwa mvuke katika vikapu vya mianzi, kikapu juu ya kikapu, na chai haikatiki mpaka unaondoka. Watu walicheka mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili walipanga foleni. Walitoka Haydom, walitoka Mbulu, walitoka Babati na magari yao. Wafugaji wa tambarare waliegemeza fimbo ukutani wakala vya nyama ya ng'ombe, na vile vya kamba wa baharini wakavisukuma mbali kwa kidole. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na tayari watu wa Arusha walikuwa wanashuka kuja kula kwetu. Nani Katesh asingetembea kifua mbele?

Inspekta alipotoka stoo alimkuta Koplo Tadei ameshamtia mtu pingu.

"Afande, kazi imekwisha," Tadei alisema. "Kisu cha mzee kimepatikana ndani ya kikapu cha huyu. Kilikuwa juu ya kanga yake. Mzee amemfuma anakiiba."

Mwanamke aliyefungwa alisimama wima kama anayesubiri kupigwa picha.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jina?"

"Konsolata Margwe. Wa Nambis."

"Msaidizi wa mpishi?"

"Mpishi."

"Ulikuwa wapi kishindo kiliposikika?"

"Uani. Nachota mkaa."

"Nani alikuona?"

"Mkaa."

Koplo Tadei alicheka. Inspekta hakucheka.

"Wanasema asubuhi mzee alikugombeza."

"Alipiga kelele. Hupiga kelele kila siku. Mimi sijui Kichina, afande. Nilimtazama mikono yake, nikafanya kama inavyofanya."

"Nani anajua alichosema?"

"Gervasi. Ni yeye peke yake."

Gervasi alikuwa mkuu wa wahudumu na mkalimani wa Mzee Guo tangu siku za kambi. Alivaa kizibao chekundu kilichopigwa pasi vizuri, na kitambaa cheupe kilikuwa begani.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Ulikuwa wapi?"

"Ukumbini, namimina chai. Meza za upande wa dirisha ni zangu, za mlango ni za Glory. Sikutoka hata kidogo. Ukumbi mzima ni shahidi wangu."

"Asubuhi mzee alimwambia nini Konsolata?"

Gervasi aliinamisha kichwa. "Naona uchungu kulisema. Alimwambia, wewe ni mwizi, kesho usije."

"Mwongo," Konsolata alisema.

"Dada, wewe hukielewi Kichina. Utajuaje kama ni uongo?"

Hapo Inspekta aliona jinsi mwanamke yule alivyokuwa amebanwa. Aliyeyasema maneno yale yuko hospitali hana fahamu. Aliyeyatafsiri ndiye huyu. Kama mzee hataamka, Konsolata atakwenda gerezani kwa lugha asiyoijua.

Inspekta alivaa glavu, akachukua kile kisu. Kilikuwa kipana kama kiganja cha mtu mzima. Mzee Guo alikuja nacho kutoka kwao, na hapakuwa na mwingine aliyekigusa. Kila kitu jikoni mle kilikuwa na unga au mafuta: rafu, mlango, hata kalenda. Mpini wa kisu ulikuwa mkavu, unang'aa.

"Tadei, unaona nini?"

"Umefutwa, afande. Amefuta alama za vidole."

"Vizuri. Amefuta alama za vidole vyake, halafu akakiweka kwenye kikapu chake mwenyewe, juu ya kanga yake mwenyewe, ili sisi tukikute."

Koplo Tadei alitazama viatu vyake.

"Mwache hapohapo," Inspekta alisema. "Nakwenda kusalimia wageni."

Meza ya kwanza dirishani walikaa akina mama watatu waliovaa sare ya kwaya. Mkubwa wao alikuwa Bibi Verediana, mkulima wa Masieda, na uso wake ulikuwa umekunjwa kwa hasira.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtatukalisha mpaka lini? Na chai yenyewe hamtupi."

"Hamjapewa chai?"

"Huoni kifuniko?"

Inspekta aliona. Kifuniko cha birika kilikuwa kimegeuzwa, kimeegemezwa ukingoni. Alikuwa mteja wa pale, akajua maana yake. Mzee Guo aliwafundisha wageni wake desturi ya kwao: birika likiisha, usimwite mtu. Geuza kifuniko, endelea kuzungumza. Mhudumu ataona, atakuja.

"Mbona hukumwita tu, bibi?"

"Nimwite kwa kelele kama namfukuza mbuzi shambani? Sisi tukifundishwa adabu ya mahali tunaishika. Hao wa Babati ndio wanapiga makofi."

Mwenzake alicheka pembeni. "Mama huyu angekufa kwa kiu, afande, asingeita."

"Ningekufa na adabu yangu," bibi alijibu.

"Ulikigeuza kabla ya kishindo au baada?"

"Kabla, tena zamani. Gervasi alikuwa ndiyo ametuletea vikapu viwili, akaondoka. Tukala cha kwanza, tukala na cha pili, koo limekauka. Ndipo kikalia hicho kishindo chenu."

Inspekta aliinuka. Alipita taratibu katikati ya meza za dirishani. Birika la pili, wazi. La tatu, wazi. Kwa wafugaji vijana wawili, wazi, na kifuniko kimeegemezwa kwa uangalifu mkubwa kuliko cha mtu mwingine yeyote. Akavuka kwenda upande wa mlango. Mabirika yote yalikuwa yamefunikwa, mengine bado yanatoa mvuke kwenye mdomo.

"Glory."

"Naam, afande."

"Kabla ya kishindo kulikuwa na shida yoyote ukumbini?"

Glory alisitasita. "Wageni wa Gervasi walianza kunitazama mimi. Nikadhani ameenda msalani. Lakini sikuweza kuziacha zangu."

Simu ya Inspekta ililia. Alisikiliza, akasema "asante, daktari," akaizima. Kisha akamwita Gervasi aje katikati ya ukumbi, na Koplo amlete Konsolata.

"Nimeambiwa huduma yako haina mfano hapa Hanang," Inspekta alisema.

"Najitahidi, afande."

"Birika likiisha, mgeni anasubiri muda gani?"

Gervasi alinyoosha mgongo. "Hasubiri. Hiyo ndiyo sifa yangu. Kifuniko kikigeuzwa nimeshafika, mgeni hajamaliza hata kuvuta pumzi. Tangu tufungue, birika langu halijawahi kukaa wazi."

"Geuka nyuma."

Aligeuka. Mabirika yalikuwa yamejipanga mbele yake, dirisha hadi dirisha, vifuniko vimeegemea ukingoni, na wageni wenyewe wameketi nyuma ya mabirika hayo, wanamtazama. Mkono wa Gervasi ulinyooka wenyewe kuelekea birika la karibu. Kisha ukaanguka.

"Bado tunasubiri, mwanangu," Bibi Verediana alisema.

"Uliacha meza zako," Inspekta alisema. "Watu wengi, vizibao viwili vyekundu, kila mtu akadhani amekuona. Lakini wageni wako wana adabu. Hawakuita. Walikaa kimya na kungoja, kwa hiyo leo wananionyesha ulichofanya. Kisu kimefutwa kwa kitambaa. Jikoni sikuona kitambaa kisicho na mafuta. Begani mwako nakiona."

Gervasi alikishika kile kitambaa, akakitazama.

"Jambo lingine. Kila neno dhidi ya Konsolata limetoka kinywani mwako. Kugombezwa, wizi, kufukuzwa. Daktari amenipigia. Mzee ameanza kufungua macho. Wajenzi wa barabara bado wana kambi mbele huko, na wana mkalimani wao. Nitamleta kitandani. Hulazimiki kusema chochote, Gervasi, na utakalosema linaweza kutumika kama ushahidi. Ila nakuuliza: niyasikie kwa mgeni au kwako?"

Gervasi alipoinua uso, macho yake yalikuwa makavu na kidevu kiko juu.

"Nilimsukuma," alisema. "Sikumpiga. Nilimsukuma, akaanguka kwenye jiwe. Kisu nilikitia kwenye kikapu cha Konsolata baadaye, watu walipokuwa wamemzunguka mzee."

"Kwa nini?"

"Leo, vikapu vikiisha, angesimama hapa nilipo. Alitaka kuwaaga watu. Anarudi kwao, na jiko anamwachia mtu. Jana alinipa maneno yake niyafanyie mazoezi kwa Kiswahili kizuri."

"Maneno gani?"

Gervasi alianza kukikunja kile kitambaa.

"Yaseme."

"Afande..."

"Hawa ndio alitaka wayasikie. Yaseme."

Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya kazi, safi, iliyofika mpaka mlangoni.

"'Nimetafuta mikono kama ya mama yangu katika nchi mbili. Nimeipata hapa, chini ya mlima Hanang. Leo jiko hili ni la Konsolata.'"

Bibi Verediana alimgeukia Konsolata, akamtazama mikono.

"Mimi niseme hivyo!" Gervasi alisema. "Mimi niliyekuwa mdomo wake tangu kambini. Alipokwenda halmashauri kuomba kibali, nani alizungumza? Aliponunua unga, alipougua malaria, alipogombana na wenye kiwanja? Mimi. Mgahawa huu umejengwa kwa maneno, na maneno yote yalikuwa yangu. Nilikwenda stoo nikamwomba, basi tafuta mtu mwingine wa kuyasema. Akakataa. Akasema, watu wanauamini mdomo wako. Akanipiga bega huku anatabasamu. Ndipo nikamsukuma."

"Na asubuhi? Alimwita mwizi?"

"Hapana." Alimtazama Konsolata kwa mara ya kwanza. "Alikuwa anamsifu. Mzee husifu kwa kelele."

Koplo Tadei alikuwa ameshashika ufunguo wa pingu. "Dada, samahani sana."

"Fungua kwanza," Konsolata alisema. "Samahani nitaisikiliza mikono ikiwa huru."

Pingu zilihama mikono. Gervasi alivua kizibao chake, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kiti, akatoka mbele ya polisi bila kuvutwa. Inspekta alifunga kisu katika mfuko wa vielelezo.

"Hiki utakipata kesi ikiisha," alimwambia Konsolata.

"Nina cha kwangu, afande. Stoo ni yenu mpaka mmalize. Jiko je?"

"Jiko sina shida nalo."

"Basi Glory, anza na bibi."

Siku iliyofuata Inspekta na Konsolata walikwenda hospitali. Mzee Guo alikuwa amefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi. Alipomwona Konsolata alianza kusema kwa lugha yake, kwa sauti dhaifu, maneno mengi, machozi yakimtoka. Inspekta alitazama mlangoni bila kutaka, kama mtu anayemsubiri mkalimani aingie. Hakuingia mtu. Mzee naye akatazama hukohuko, akaelewa, akanyamaza.

Konsolata alikaa kitandani, akaushika mkono wa mzee, wenye alama za kuungua kama wake.

"Mzee, sijaelewa hata neno moja," alisema. "Na hii ndiyo mara ya mwisho. Pona, nenda kwenu. Yupo mkalimani kule kambini kwa wajenzi, nitakwenda kukaa mbele yake mpaka anichoke. Siku utakayopiga simu kuuliza habari za jiko, nitakujibu kwa Kichina, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu. Nakuahidi."